Kiti cha Mtu Mmoja

Mume wangu Heber aliendesha basi kati ya mji wetu wa Paysandú na Montevideo, mji mkuu, tangu ndevu zake zikiwa nyeusi mpaka zilipomwisha rangi. Siku aliyostaafu kampuni ilimpa keki na saa ya ukutani. Keki tuliila. Saa aliitundika jikoni, halafu akaanza kukaa chini yake. Aliamka alfajiri kama kawaida, akanyoa, akavaa shati lililopigwa pasi, akaketi. Ukimuuliza anangoja nini, anasema hangoji kitu.

Mimi ni fundi wa kushona viti: makochi, viti vya magari, hata vile vya saluni. Chumba cha mbele ndicho karakana yangu, na miaka yote ya ndoa nilikuwa humo peke yangu na cherehani na redio. Sasa nikawa na mwanaume mzima anayesimama mlangoni, anaangalia ninavyokata ngozi, anauliza kwa nini mikasi siipangi kwa ukubwa.

"Heber," nikamwambia, "tafuta shughuli kabla sijakushonea ndani ya kochi la mtu."

Ndiyo maana alipoleta habari ya pikipiki sikumpinga. Alisikia kwa utingo mmoja wa zamani kwamba kuna mzee, upande wa chini karibu na mto, ana BMW ya mwaka sabini na nne, pikipiki kubwa ya safari, imelala bandani tangu mto ulipofurika miaka ya nyuma. Akaniomba nimsindikize kuiona. Tangu Carina, binti yetu, aolewe akahamia Montevideo, ilikuwa mara ya kwanza Heber kuniomba nimsindikize mahali.

Mzee mwenyewe aliitwa Ildefonso Bentancor. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa kofia ya sufu iliyobanwa mpaka kwenye nyusi, na anatembelea fimbo kwa sababu nyonga ilikuwa imekufa. Alivuta turubai, kuku wakaruka. Pikipiki ilikuwa imevaa matope yaliyokauka mpaka nusu ya tangi. Mitungi miwili ya injini ilitokeza huku na huku kama viwiko vya mtu aliyeshika kiuno. Kiti kilikuwa kimeoza, na panya walishajifanyia uzazi humo.

Heber alichuchumaa akaizunguka. Mzee hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Na wewe, binti, utapanda?"

Sikuwahi kupanda pikipiki maishani. "Nitapanda," nikasema, kwa adabu tu.

"Kuna kijana alikuja hapa kuitaka, nikamfukuza. Akaja daktari mmoja, naye nikamfukuza. Walikuja peke yao. Hii haikuzoea mtu mmoja." Akapiga kile kiti kilichooza kwa fimbo yake. "Hapa alikaa Nélida, marehemu mke wangu. Mwaka sabini na tisa tulikwenda nayo Peru. Njia nzima mikono yake ilikuwa ndani ya mifuko ya koti langu."

Bei ilikubaliwa bila kuvutana. Tuliipakia kwenye gari la jirani, na mzee akasimama barabarani mpaka tukakata kona.

Siku iliyofuata alibisha hodi kwetu. Alisema amekuja kuhakikisha kama imefika salama. Siku ya pili alikuja kumwonya Heber asiguse kabureta kabla ya kusafisha tangi. Siku ya tatu hakutoa sababu. Alikalia debe la rangi pale gerejini, akatoa kibuyu chake cha mate, yale majani machungu ya chai ambayo kwetu hunyonywa kwa bomba, akaniomba maji ya moto.

Majira ya baridi yale mvua ilinyesha sana. Nilikaanga mikate ya mafuta kama kila mtu anavyofanya mvua ikinyesha, nikaipeleka gerejini ikiwa moto, na bila kujua nikawa nakaa huko kuliko kwenye kazi yangu. Maji ya mafuriko yalikuwa yameingia kwenye injini, pistoni zikashikamana na mitungi kama zimechomelewa. Heber alimimina dizeli na oili, akasubiri, akajaribu, haikusogea. Hana subira mume wangu. Subira yake yote aliimaliza kwenye taa nyekundu. Asubuhi moja nilimkuta na nyundo mkononi na kipande cha mti.

"Weka nyundo chini," mzee alisema.

"Naigusa tu."

"Wote husema hivyo. Mkeo ukimkuta amelala utamwamsha kwa nyundo?"

"Wewe hujamwona huyu akiamshwa," Heber akajibu. "Nyundo ningeitaka ya kujikinga."

Tulicheka, sote watatu. Nakumbuka kwa sababu baadaye hatukucheka tena pamoja. Nyundo iliwekwa chini, dizeli ikaongezwa, na siku pistoni ya kushoto ilipokubali kusogea kidogo tu, upana wa ukucha, mzee aligonga fimbo sakafuni na Heber akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu uchumba.

Kazi ikashika kasi. Kabureta zilichemshwa na siki ndani ya sufuria yangu ya jamu. Nikagomba, wakaniahidi sufuria mpya ambayo mpaka leo sijaiona. Nyaya zote zilikuwa zimetafunwa, Heber akazivuta upya, akizifunga kwa utepe kama bandeji. Ringi za pistoni zililetwa kutoka Buenos Aires na dereva mwenzake, ndani ya mfuko wa biskuti. Spoku za magurudumu nilizisugua mimi kwa msasa, moja moja, nikimsikiliza mzee.

Maana mzee alikuwa na hadithi, na hadithi zote zilikuwa za Nélida. Jinsi alivyofunga viazi kwenye karatasi ya bati akaviweka juu ya mtungi wa injini, wakifika pa kulala vimeiva. Jinsi alivyovua viatu akacheza peku kwenye jangwa la chumvi, nyeupe mpaka upeo wa macho, na yeye akampigia honi badala ya muziki. Jinsi alivyogombana na askari wa mpakani mpaka askari akawapa chai.

"Hakuchoka?" niliuliza.

"Nélida? Mimi ndiye niliyechoka."

Sijui ilianza lini. Labda pale kwenye chumvi. Nilikuwa nimefika umri wa miaka hamsini na nane bila kwenda mbali zaidi ya Montevideo, tena ndani ya basi la mume wangu, kiti cha kwanza, nikitazama kisogo chake. Sasa nikishona kochi la mtu nawaza viazi. Sokoni nikanunua buti za ngozi, za kiume kwa kuwa za kike hazikuwapo, nikazificha chini ya majora ya vitambaa.

Tangi na vifuniko vya pembeni vilipakwa rangi nyeusi. Kilichobaki kilikuwa ile mistari miwili myembamba myeupe inayopita ubavuni mwa tangi, na mzee alisema huchorwa kwa mkono, na atakayeichora ni yeye. Alishika brashi. Mkono ulimtetemeka. Akaushika kwa mkono wa pili, nao ukatetemeka. Heber akajifanya anatafuta spana. Mzee alinipa brashi bila kuniangalia.

"Wewe unachora chaki kwenye ngozi kila siku," alisema. "Usipumue ukifika kwenye kona."

Niliichora. Sikupumua. Nilipomaliza, Heber alikuja akainama, akatazama mstari kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umenyooka," alisema, na akaendelea kuutazama.

Injini iliwaka siku ya Jumamosi, mchana. Ilikohoa, ikatema moshi wa buluu uliojaa gereji yote, ikakohoa tena, halafu ikatulia katika mlio mzito, wa polepole. Majirani walikuja kutazama. Mzee Bentancor alivua kofia yake ya sufu, na ndipo nilipojua kwamba hana hata unywele mmoja.

Kikabaki kiti.

Kwa kuwa ni kazi yangu, niliona aibu kuwa kimechelewa kwa sababu yangu. Nilimwambia Heber aniletee lile bati la chini, mfupa wa kiti, nilikatie sponji na ngozi. Akasema bado liko kwa mchomeleaji, linazibwa kutu. Baada ya siku kadhaa alilileta, akaliweka juu ya meza yangu, akageuka kuondoka.

Lilikuwa limekatwa. Lile la zamani lilikuwa refu kama benchi. Hili liliishia katikati, ncha imekunjwa vizuri, na matundu mapya yametobolewa ya kufungia kichanja nyuma yake.

"Mbona fupi?" nikauliza.

"Nyuma pale patakaa mizigo."

"Mizigo gani?"

"Hema. Petroli ya akiba. Huko ninakokwenda, Kusini mwa Argentina, vituo viko mbali mbali."

"Na mimi?"

Alisimama mlangoni, pale pale aliposimama siku za mwanzo akitazama ninavyokata. Nilidhani atatunga jambo. Heber hajui kutunga.

"Zulma," alisema, "tangu nina miaka ishirini na tano kuna watu nyuma yangu. Wanakohoa, wanalia, wanatapika, wananiuliza tumefika wapi. Nikifunga breki nawaza shingo zao. Nikisinzia nawaza watoto wao. Hata usingizini nawasikia wanavuta pumzi. Nataka safari moja ambayo nikigeuka hakuna mtu."

"Hata mimi."

"Hata wewe."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Mtu akinikasirikia najua la kufanya. Alisema kama mtu anayeomba maji. Halafu akaongeza, "Ningekuambia. Nilikuwa nakuona unafurahi, nikashindwa pa kuanzia."

"Ulianzia kwa mchomeleaji," nikasema.

Akaondoka mlangoni.

Nilikaa na lile bati siku mbili bila kuligusa. Kisha nikakata sponji, nikakata ngozi, nikashona. Sijui hata leo kwa nini nilikishona vizuri vile. Mkono wangu haujui kushona vibaya. Niliweka mshono maradufu, nikazungusha uzi mweupe ukingoni ulingane na mistari ya tangi. Kilimkaa kama glovu. Alinishukuru, akaniuliza kama namdai chochote cha uzi au ngozi, kama vile mteja. Nikamwambia hakuna.

Mzee Bentancor alikuwa hajaja siku chache kwa kifua. Alipokuja alikaa kwenye debe lake, akavuta mate, na macho yake yakaenda kwenye pikipiki iliyokuwa tayari, inang'aa.

"Kiti kiko wapi?"

"Hicho hapo," Heber akasema.

"Hicho ni nusu. Nauliza kiti."

"Ndicho kiti, mzee. Naenda peke yangu."

Mzee alinitazama. Nilikuwa nimeshika sahani ya mikate. Nikaiweka chini.

"Nilimuuzia mkeo," alisema. "Wewe sikukuuzia kitu. Wewe peke yako ningekufukuza kama nilivyomfukuza yule daktari."

"Mzee, kitu ukishauza kimekwenda. Ni changu sasa."

"Ni chako. Nani amesema si chako." Alijaribu kusimama, fimbo ikateleza, Heber akamshika kwapa. Mzee akamtoa mkono. "Usinishike. Unataka kuwa peke yako, anza sasa."

Alitoka bila kofia yake. Nilimkimbizia kwenye mvua, akaivaa, hakusema asante. Hakurudi tena gerejini.

Mwezi Agosti nilisikia kwamba binti yake Ofelia amemhamishia kwenye nyumba ya wazee, kwa sababu kifua kilikuwa kibaya na nyumba ile ya mtoni ilikuwa na unyevu. Nilikwenda kumwona. Walikuwa wamemkalisha dirishani na blanketi magotini, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani.

"Umekuja na nini?" aliuliza.

"Biskuti."

"Wamenikataza biskuti." Akazichukua, akazificha ndani ya blanketi. "Ameondoka?"

"Bado. Anangoja baridi ipungue."

"Hujamshawishi."

"Mtu hashawishiwi kukubeba, mzee. Anakubeba au hakubebi."

Mwanamke mmoja alipita akisukuma kikapu cha mashuka. Alipopita, mzee alisema, "Nélida hakufika Peru."

Sikuelewa. Nikadhani umri umeanza kumchanganya.

"Alishuka La Quiaca, mpakani kabisa, bado tukiwa Argentina. Alisema mgongo unamuuma, na upepo unamlilia masikioni, na kwamba tangu tulipotoka nyumbani sijamuuliza hata siku moja kama amechoka. Nikamwambia panda. Akasema hapandi. Nikadhani ananitishia. Nikawasha, nikaenda taratibu, nikimwangalia kwenye kioo. Hakuita. Alikuwa amekaa juu ya begi lake amenipa mgongo."

"Ukarudi?"

"Nilikwenda Peru." Alifuta mdomo kwa ncha ya blanketi. "Yeye alipanda treni, akarudi peke yake. Siku mbili na usiku wake, kwenye behewa la watu na mbuzi. Mimi nilirudi baada ya miezi, nikamkuta anafua nguo uani. Akaniuliza kama nimekula."

"Na viazi vya kwenye injini?"

"Nilipika mwenyewe."

"Na kule kwenye chumvi?"

"Hakuna aliyecheza."

Nilikuwa na hasira, tena hasira ya kitoto, kama nimeibiwa mfukoni. Nilimuuliza kwa nini alitudanganya.

"Sikuwadanganya ninyi. Nasimulia hivyo tangu alipokufa. Ukisimulia vya kutosha unaanza kumwona kabisa anacheza." Kisha akasema, "Nilifikiri pikipiki nikiwapa watu wawili, itakwenda mpaka mwisho na watu wawili."

"Alikusamehe?"

"Tuliishi pamoja miaka mingine thelathini na hakulitaja hata siku moja. Wewe ni mwanamke. Huko ni kusamehe?"

Nilimwambia sijui. Kweli sikujua. Nilikaa naye mpaka wakaleta supu, nikamlisha kidogo, nikarudi nyumbani kwa miguu. Heber aliniuliza mzee anaendeleaje. Nikasema anakohoa.

Aliondoka katikati ya Septemba, siku kavu, jua jembamba. Alifunga masanduku, akafunga hema, akafunga dumu la petroli. Nilimwekea mayai ya kuchemsha na nyama ya baridi. Tulikumbatiana kama watu wanaoagana kituoni. Alisema atapiga simu. Alikaa kwenye kiti nilichoshona, na nikaona kwamba nilipima vizuri: mgongo wake ulikuwa umenyooka, mabega yamelegea. Alivuka daraja kuingia Argentina kabla ya saa nne. Mimi nilirudi kwenye kochi la mtu.

Alipiga simu kutoka Bahía Blanca. Kuna upepo, alisema. Alipiga kutoka Trelew. Kuna upepo. Baadaye simu zikawa chache, kutoka vituo vya petroli ambavyo majina yake sikuyashika, na nyuma ya sauti yake nilisikia milango ikipigwapigwa.

"Uko salama?"

"Niko salama. Na wewe?"

"Niko salama."

Carina alinipigia kutoka Montevideo, akasema, "Mama, ni utoto wa uzeeni huo, utampita." Nikamwambia ndiyo, utampita.

Mzee Bentancor alifariki mwezi Oktoba. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara zimejaa maji, nikavaa zile buti za sokoni kwa mara ya kwanza, nikaenda msibani. Watu walikuwa wachache. Ofelia, binti yake, mwanamke mnene mwenye macho ya baba yake, alinishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye Zulma," alisema. "Mmerudi lini?"

Sikumwelewa.

"Si mlikuwa Kusini na mumeo? Baba alikuwa anawahadithia manesi kila siku mlipofika. Leo wamelala Trelew. Leo wameona pengwini, Zulma amepiga picha. Wiki iliyopita alisema umepata baridi ya masikio, mumeo amekununulia kofia." Alitabasamu huku machozi yanamtoka. "Wale manesi wote wanakujua wewe."

Nilitazama jeneza. Walikuwa wamemvalisha suti, na kichwa kile kipara, bila kofia, kilionekana kidogo sana.

"Nimerudi mapema," nikasema. "Heber bado yuko njiani."

"Alikuwa mwema kwako? Njiani?"

"Alikuwa mwema."

Nilinyweshwa kahawa, nikakaa mpaka walipombeba. Nilipofika nyumbani nilivua buti, nikazijaza magazeti zikauke. Ngozi ya juu ilikuwa imeshaharibika kwa maji.

Heber alirudi mwisho wa Desemba, siku ya joto kali, mchana watu wamelala. Nilisikia mlio ule mzito nikajua, lakini sikutoka mara moja. Nilikuwa na pini mdomoni, nikazitoa kwanza. Alikuwa amekonda. Midomo ilikuwa imepasuka, na jino moja la mbele halikuwapo. Rangi ya tangi ilikuwa imeliwa na mchanga upande mmoja, na mstari wangu wa upande huo haukuonekana kabisa.

Alilala tangu mchana ule mpaka kesho yake. Alipoamka alikula, akaoga, akavaa shati.

"Nataka nimpelekee mzee aione," alisema. "Hata kama ana hasira. Aone imefika."

"Mzee amekufa, Heber."

Aliweka kikombe chini. "Lini?"

"Oktoba."

"Mbona hukuniambia kwenye simu?"

"Simu zako zilikuwa fupi."

Alitoka, akaenda gerejini, na nilimwona kupitia dirisha amekalia lile debe la rangi. Nilingoja aniulize mzee alisema nini mwisho, na kama angeuliza ningemwambia yote, La Quiaca, manesi, kofia ya masikio. Hakuuliza. Nami sikusema, na kadiri siku zilivyopita ndivyo lilivyozidi kuwa gumu.

Wala hakusimulia safari. Majirani walikuja na viti vyao na vibuyu vyao vya mate kusikiliza, akawaambia kuna upepo, barabara ni ndefu, nyama ni nzuri. Walikwenda zao wakisema Heber amerudi bubu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kutotaka kusikia, na nikaona uchungu kwamba sikupata hata nafasi ya kukataa.

Mwezi Februari alikuja daktari mmoja wa meno kutoka Montevideo, kijana mwenye ndevu zilizochongwa, akaizunguka pikipiki huku akiipiga picha. Heber hakuniambia kwamba anaiuza. Nilijua nilipoombwa kahawa ya mgeni. Niliipika, nikaileta.

"Na hiki kiti kizuri hivi alikishona nani?" daktari aliuliza.

"Mke wangu," Heber akasema.

"Mama, ukipata nafasi nitakuomba uniongezee cha nyuma. Mchumba wangu ataniua nikimwacha."

"Nikipata nafasi," nikasema.

Hakuwahi kupiga simu. Labda alimpata fundi mwingine, labda mchumba alimwacha. Gereji tumeipangisha kwa muuza mboga anayeweka maboga humo. Heber amepata kazi ya kulinda geti la ghala la nafaka nje ya mji. Anaamka alfajiri, ananyoa, anavaa shati. Tunasalimiana vizuri. Hatugombani.

Jumapili moja ya Mei alisema twende mtoni. Tulichukua viti vya kukunja na chupa ya maji ya moto, tukakaa ukingoni kama watu wengine wote waliokuwa hapo na watoto wao na mbwa wao. Mto ulikuwa umejaa, wa rangi ya chai ya maziwa, unapitisha magogo. Alinipa mate, nikanywa, nikamrudishia.

"Kule Kusini niligonga guanako," alisema.

Ni wale wanyama kama ngamia wadogo wasio na nundu. Huvuka barabara bila kuangalia.

"Ndipo jino lilipotoka?"

"Ndipo hapo. Mimi nilianguka kwenye changarawe, nikainuka. Yeye alivunjika mgongo. Alikuwa anainua kichwa, ananitazama, anakilaza. Hakuna gari lililopita. Sikuwa na kitu cha kummalizia, hata kisu kilikuwa kidogo. Nikakaa naye."

"Muda gani?"

"Mpaka jua likashuka. Alikuwa anatetemeka. Sikujua la kufanya, nikamfunika koti."

"Lipi?"

"Lile la kijivu."

"Nililitafuta lile kwenye nguo za kufua," nikasema. "Nilidhani umelisahau hotelini."

"Nililiacha pale pale."

Alijaza kibuyu tena, lakini maji yalikuwa yameshapoa, akayamwaga kwenye majani. Upepo wa mtoni ulianza kuwa mkali, na watu wakaanza kuwaita watoto wao. Tulisimama, tukakunja viti. Changu kilikuwa kimekwama kwenye bawaba. Heber akakichukua, akakikunja kwa goti, akavibeba vyote viwili hadi nyumbani.